Sanduku la Parokia

Kwemsambia,
Parokia, S.L.P. 12,
Lushoto.
3 Machi 2002

Kaka Heri,

Shikamoo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama, hata padri kwenye kitubio. Mimi si mpole. Kijiji kizima kinasema Efrazia ni mpole, Efrazia hana maneno, Efrazia na vitabu vyake. Kaka, mimi hunyamaza kwa sababu nina hasira, na naogopa nikifungua mdomo sitajua pa kuishia. Leo nimeamua kuifungulia kwenye karatasi, kwako, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu na unafanya kazi kwenye kampuni iliyonikasirisha.

Leo baada ya misa Katekista Abrahamu alisimama kwenye ngazi za kanisa kugawa barua kama kila Jumapili. Hujasahau inavyokuwa. Wakristo wanabaki uani, Waislamu wanakuja kukaa kwenye ukuta wa mawe, na yeye anaita majina kwa sauti ile ile ya kusomea litania. Akaita, "Kampuni ya Simu Upeo, kwa Zahanati!" Watu wakapiga makofi. Tangu mnara wenu usimame mlimani na taa yake nyekundu, tulikuwa tukingoja siku hii. Akaita tena, "Upeo, kwa Shule ya Msingi! Upeo, kwa Ustadhi Saidi, Msikiti! Upeo, kwa Kassimu wa karoti!" Makofi kila mara.

Kisha mama mdogo Klara, muuguzi wetu, akafungua ya zahanati na kuisoma. "Ombi lako limekataliwa. Anwani uliyoandika ni ya mteja mwingine." Wengine wakafungua zao. Maneno yale yale.

Mteja mwingine ni Mika wa kilabu cha pombe ya boha. Siku ya kujaza fomu alitangulia, ili awahi kurudi kabla walevi hawajamvunjia mlango. Akaandika S.L.P. 12 kama sisi sote. Simu yake, ya mezani isiyo na waya, ilikuja wiki iliyopita. Leo alikuwa palepale uani akicheka: "Wagosi, mmesikia? Kuanzia leo padri ni mpangaji wangu. Na ustadhi pia!" Watu wakacheka, hata ustadhi alicheka. Mimi sikucheka.

Kaka, nani ameiambia kompyuta yenu kwamba parokia, shule, msikiti na zahanati vyote ni kilabu cha Mika?

Wifi Esteria hajambo, anakusalimu. Mama anauliza kama umepata nyumba ya kupanga ili umchukue mkeo baada ya kujifungua.

Mdogo wako,
Efrazia

* * *

Dar es Salaam,
15 Machi 2002

Mdogo wangu Efrazia,

Marahaba. Nimecheka sana kuhusu Mika, kisha nikaacha kucheka.

Usikasirike na kompyuta, haina nia mbaya. Huko Tanga mfanyabiashara mmoja alijaza fomu kwa majina mengi ya uongo, anwani moja, akataka kuuza laini kwa kulangua. Ndipo wakubwa wakaweka kanuni: sanduku moja la posta, mteja mmoja. Kompyuta inaangalia kila ombi jipya. Ikikuta sanduku limeshatumika, inakataa. Ni kuzuia wezi tu.

Waambie kila mmoja akodi sanduku lake, kisha walete fomu upya. Ni jambo dogo.

Nyumba bado natafuta. Mwambie Esteria asibebe maji.

Kaka yako,
Heri

* * *

Kwemsambia,
Parokia, S.L.P. 12,
Lushoto.
24 Machi 2002

Kaka Heri,

Shikamoo.

Ni jambo dogo ukiwa Dar es Salaam. Mama mdogo Klara alikwenda posta kuulizia sanduku la zahanati. Akaambiwa yote yana wenyewe, aandikishe jina na kusubiri mtu afe au ahame. Amesema hayo mwenyewe mbele ya mama, na mama akasema, "Basi tuombe nani afe?"

Unasema kanuni ni ya kuzuia wezi. Mwizi wa Tanga ni mtu mmoja aliyejifanya wengi. Sisi ni wengi kweli. Inawezekanaje kompyuta isione tofauti? Mwalimu wetu wa hisabati anasema swali likitoa jibu la kipuuzi usiilaumu penseli, tazama ulivyolipanga. Nataka kujua mlilipanga vipi. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili. Mimi ni wa kidato cha tatu sasa, si yule uliyemwacha anafukuza kuku.

Jambo moja linaniuma. Barua yako ya kuitwa chuoni ilikuja kwa sanduku gani? Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka Abrahamu alivyoita, "Heri! Chuo!" na Kassimu akaruka kutoka ukutani akakubeba mabegani, Mwislamu kumbeba Mkatoliki mpaka nyumbani, wewe unapiga kelele akushushe.

Wifi hajambo. Amesema nikuandikie hivyo.

Mdogo wako,
Efrazia

* * *

Dar es Salaam,
4 Aprili 2002

Mdogo wangu Efrazia,

Marahaba. Umetaka maelezo, haya.

Mtandao wa simu una vitu vingi mno kuvishika kichwani, kwa hiyo tunavichora kama mti. Shina ni kampuni. Kila mteja ni tawi. Kwenye kila tawi kuna majani: jani la jina, jani la mahali, jani la aina ya simu, jani la sanduku la posta. Sasa, juu ya jani lolote unaweza kutundika kanuni inayoanza na neno "lazima". Ombi likiingia, kompyuta inapita jani kwa jani. Ikikuta "lazima" inasimama hapo hapo, inatazama kutoka pale iliposimama, inajiuliza swali lililoandikwa, na jibu ni ndiyo au siyo. Hakuna "labda". "Siyo" moja tu inatosha kurudisha ombi zima.

Lazima iliyotundikwa kwenye jani la sanduku inasema: tazama matawi mengine yote, asiwepo mwenye sanduku kama hili. Ndiyo yote.

Na kuna uzuri wake, ambao wengi hawauelewi. Kompyuta haiendi mahali pasipo na kitu. Jani likiwa halipo, lazima iliyotundikwa juu yake haiulizwi kabisa. Ni kama mlinzi wa mlango: mlango usipokuwepo, na mlinzi hayupo. Ukitaka jani lenyewe liwepo, unaandika kanuni nyingine tofauti ya kulidai. Mimi huona raha sana nikifikiria hayo. Usiwaambie watu, wataniona chizi.

Hizi si kanuni zangu. Zimetoka juu. Tuvumilie, mwakani mambo yatarekebishwa. Kwa sasa simu ya Mika ipo, na mtu akiwa na shida anaweza kwenda pale.

Kaka yako,
Heri

* * *

Kwemsambia,
Parokia, S.L.P. 12,
Lushoto.
21 Aprili 2002

Kaka Heri,

Shikamoo naitoa kwa sababu mama alinifunza.

"Mtu akiwa na shida anaweza kwenda pale." Hayo uliyaandika wewe. Mtu alikuwa na shida, na alikwenda pale.

Mwanaidi, mke wa Kassimu, alishikwa na uchungu Jumanne alfajiri. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama mdogo Klara alijua mapema kwamba hii si kazi ya zahanati, ni ya hospitali, ije gari. Akamtuma Kassimu kwa Mika. Kassimu alikimbia kuteremka mpaka ng'ambo ya kijito na kukuta kilabu kina kufuli. Sasa ni masika, Mika ameshuka nyikani kwenye shamba lake la mahindi kama kila mtu mwenye shamba kule. Simu ilikuwa ndani. Kassimu anasema aliiona kupitia ufa wa mlango, iko juu ya pipa. Alivunja mlango, kaka. Kassimu, ambaye hajawahi kuvunja hata amri ya mgambo. Akainua simu na ilikuwa imekwisha chaji, kwa sababu mwenyewe hakuwepo wa kuichaji.

Wakambeba Mwanaidi kwa machela. Vijana wa msikitini na vijana wa kwaya, wakipokezana, njia ni tope tupu. Mwanaidi mwenyewe amepona. Mtoto alizikwa Jumatano.

Mika amerudi. Alikwenda kwa Kassimu, akakaa chini kwenye majani ya uani. Kassimu ndiye aliyemwambia, "Mgosi, si wewe. Wewe uliandika anwani yako tu." Mimi nilikuwa pale nimebeba chai, nikatamani kuimwaga chini.

Zahanati ina muuguzi saa zote. Ina sola ya friji ya chanjo, kwa hiyo simu isingekwisha chaji. Iliomba. Ilikataliwa kwa sababu kompyuta ilisimama kwenye jani la sanduku na kutazama kutoka hapo. Mimi nakuuliza: kwa nini isimame hapo? Ingesimama kwenye jani la mahali ingeona nyumba ya zahanati ni nyingine na kilabu ni kingine. Mtu akisimama kisimani anaona wachota maji wote wana kisima kimoja, je, atasema wote ni mtu mmoja? Mtoto wa darasa la pili hawezi kusema hivyo. Mtu aliyekulia hapa hawezi kusema hivyo. Kwa hiyo nataka jina la aliyeiandika. Sitaki "wakubwa". Barua zina sahihi, na kanuni nayo iwe na sahihi ya mwenyewe.

Efrazia

* * *

Dar es Salaam,
29 Aprili 2002

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa sistahili.

Ni mimi.

Wakubwa walisema tu, "Wazuieni walanguzi." Namna ya kuwazuia niliichagua mimi. Nilikuwa mezani, nikafikiri: kitu gani kila mteja anacho cha peke yake? Jirani yangu wa meza, kijana wa Upanga, akasema, "Sanduku la posta." Kwao wana sanduku lao, lina ufunguo unaoning'inia kwenye funguo za gari la baba yake. Nami niliona aibu kusema kwamba sisi kwetu tunaitwa majina kwenye ngazi za kanisa. Nikasema, "Sawa kabisa, sanduku la posta." Nikaandika. Niliijaribu mara nyingi, ikafanya kazi vizuri. Nilisifiwa.

Sikusahau sanduku letu, Efrazia. Hilo ndilo baya zaidi. Nililikumbuka na nikanyamaza.

Nimekwenda kwa mkuu wangu kumwomba niibadili. Amesema hakuna anayegusa mfumo mpaka mikoa yote iingizwe, labda Desemba. Akaniuliza kama nina ndugu huko, nikasema hapana. Unaona mtu ninayekuwa.

Mpe Kassimu pole zangu. Au usimpe, mpaka nije mwenyewe.

Heri

* * *

Kwemsambia,
Parokia, S.L.P. 12,
Lushoto.
5 Mei 2002

Kaka Heri,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako nyuma ya zizi, peke yangu. Sijamwonyesha mama. Nimekukasirikia sana, kisha nikakasirika zaidi kwa kuwa ningekuwa mimi mbele ya kijana wa funguo za gari, ningenyamaza vilevile. Mimi ndiye bingwa wa kunyamaza. Sasa basi.

Wewe umesema kweli yako, nami nitasema yangu. Wifi Esteria si hajambo. Miguu imevimba, uso asubuhi unavimba, kichwa kinamuuma. Mama mdogo anampima kila juma na anasema asijaribu kuzalia hapa, uchungu ukianza tu liitwe gari. Wifi alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Mwenzio yuko kwenye kazi mpya, usimtie wasiwasi." Kila nilipoandika hajambo, alikuwa ameketi karibu yangu miguu iko ndani ya beseni.

Gari litaitwa kwa simu ipi? Desemba mtoto atakuwa anakaa.

Swali langu ni moja. Ulisema jani lisipokuwepo, lazima yake haiulizwi. Na ulisema ukitaka jani liwepo unaandika kanuni nyingine ya kulidai. Je, kwenye jani la sanduku hiyo nyingine uliiandika?

Efrazia

* * *

Dar es Salaam,
12 Mei 2002

Efrazia,

Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani, sijapewa. Mwambie Esteria najua, na simlaumu.

Swali lako siwezi kulijibu kwa maandishi. Barua za wafanyakazi hapa zinaweza kusomwa. Nasema tu kwamba barua ya Aprili niliyokueleza habari za mti ni sahihi, neno kwa neno, na kwamba mimi ni mtu mvivu, sikuongeza kitu chochote ambacho sikuambiwa kuongeza.

Fomu zinaingizwa kwenye ofisi ya Tanga. Anayezipeleka kwa mkono anaona jibu palepale.

Nimepeleka ombi la pili la kubadili kanuni, safari hii kwa maandishi. Nimesema wanaoumia ni watu wa kwetu, nikataja kijiji. Pale wanapouliza nani mwandishi wa kosa nimeweka jina langu.

Heri

* * *

Kwemsambia,
PAROKIA, S.L.P. 12,
Lushoto.
9 Juni 2002

Kaka Heri,

Shikamoo.

Nakueleza nilichofanya, kwa mpangilio; wakitaka kuisoma barua hii, na waisome.

Nilipopata barua yako nilielewa kwamba ile kanuni ya kulidai jani la sanduku hukuiandika. Nilikwenda kwa mama mdogo Klara nikamwomba ajaze fomu mpya, na mahali pa anwani asiandike kitu. Alikataa. Alisema, "Zahanati hii ina anwani tangu enzi za Wajerumani, niseme haina?" Nikamwambia nami naona uchungu huohuo. Tunafuta kitu cha kweli ili mashine ya uongo ituamini. Lakini miguu ya wifi haingoji ukweli ushinde. Akajaza. Baadaye nikapita kwa mwalimu mkuu, kwa ustadhi Saidi na kwa Kassimu. Kassimu alijaza bila kuuliza, akaniambia, "Peleka, mwanangu. Ukifika usiniangushe kwa upole wako."

Niliteremka Tanga na mama. Mama alikaa kwenye benchi, akasema shughuli za kompyuta ni zangu. Karani alikuwa kijana mwenye tai. Nilimsalimu, akasema, "Sema kwa sauti, dada, hapa si maktaba." Nikasema kwa sauti. Nikampa ya zahanati.

"Anwani mbona hamna?"

"Haipo."

"Mnaishi porini?"

"Mfumo wenu ndio uliosema si yetu. Ingiza hivyo hivyo."

"Itakataa, nakwambia. Iliyokuwa na anwani ilikataliwa, sembuse isiyo na anwani!"

"Ingiza, kaka."

Akaingiza ili anionyeshe nilivyo mjinga. Akatazama kioo, akavua miwani, akaifuta. Imekubali. Nikampa ya shule, ikakubali. Ya msikiti, ikakubali. Ya Kassimu, ikakubali. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walianza kusogea kuchungulia. Yule karani akasema, "Hiki kitu ni cha ajabu. Sasa mikataba na stakabadhi zenu nitatuma wapi? Hamna anwani."

Kaka, hapo ndipo nilipofungua mdomo, na kweli sikujua pa kuishia. Nilitoa kwenye mkoba zile barua nne za kutukataa. Nikaziweka mbele yake, nikamwambia kwa sauti ambayo mama anasema ilisikika mpaka barabarani: "Tuma kulekule mlikotuma hizi. Mliandika Zahanati, S.L.P. 12, ikafika. Mkaandika Msikiti, S.L.P. 12, ikafika. Mlipotaka kutukataa anwani ilikuwa yetu. Tulipotaka simu ikawa ya mtu mwingine. Na kati ya kukataliwa kwetu na leo tumezika mtoto." Nikamwambia mtoto wa nani. Nilisema na mengine, siyakumbuki yote. Hakuna aliyecheka. Karani alichukua kalamu, akaandika S.L.P. 12 juu ya bahasha zote nne kwa mkono wake, akasema, "Pole, dada," taratibu sana, kama mimi.

Fundi alikuja juma lililofuata. Simu ya zahanati iko mezani kwa mama mdogo, kando ya friji ya chanjo.

Wifi alishikwa na uchungu Ijumaa. Mama mdogo alipiga hospitali, gari likapanda mpaka uani pa kanisa. Alipewa dawa ya presha njiani. Amejifungua salama, mtoto wa kike, anapiga kelele kuliko Abrahamu. Ile simu iliyolia mezani kwako Ijumaa jioni, ukasema "Haloo, haloo, nani?" na hakuna aliyejibu, nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeyamaliza maneno yangu yote Tanga. Mama ndiye aliyepiga tena.

Bado nina hasira. Simu tumepata kwa kusema hatuna kitu tulicho nacho, na kijiji kingine chenye sanduku moja la msikiti au la kanisa hakina kaka wa kukiandikia habari za mti. Ombi lako la pili likikataliwa, peleka la tatu. Likikataliwa, niambie, nauli ya Dar es Salaam nitaitafuta, na sauti ninayo.

Leo Jumapili nimekaa ukutani na Kassimu na Mwanaidi mpaka Abrahamu alipomaliza kugawa barua. Kisha nikamalizia hii, nikaandika anwani yetu kwa herufi kubwa, nikampa aipeleke posta.

Mdogo wako,
Efrazia